Mashine ya kusoma moyo ianzie kwa familia zilizozika vijana

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Hisabati. Nimefundisha shule za msingi Kibosho na Moshi mjini kwa miaka 34. Niliposoma katika gazeti lako kwamba siku hizi akili mnemba inafundishwa kusoma umeme wa moyo na kumtambua mwenye ugonjwa wa kurithi kabla hajaanguka, niliacha uji wangu ukapoa mezani.

Kwetu tunazika nyumbani. Ukiingia kihambani, shamba letu la nyumbani, ukapita kahawa na kuvuka mfereji, unakuta misalaba ya saruji chini ya migomba, na masale yamepandwa pembeni. Msalaba wa baba umeandikwa 1941–1984. Wa mdogo wangu wa kiume, 1978–1997. Wa mtoto wa baba mdogo, 1983–2009. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kutoa hesabu hizo: 43, 19, 26. Baba alianguka akizibua mfereji siku ya zamu yetu ya maji. Mdogo wangu alianguka kwenye uwanja wa mpira wa kijiji, hakuguswa na mtu. Wa tatu alilala chumbani kwake Arusha, maeneo ya Sakina, asubuhi wenzake wakagonga mlango bila kujibiwa.

Kila kifo tulikipa sababu yake. Baba tulisema ni presha. Wa Arusha tulisema amekula kitu kibaya. Wa mpirani, kwa kuwa alikuwa kijana mwenye nguvu, ikasemwa kuna mkono wa mtu. Mtu huyo akatafutwa, akapatikana: jirani yetu, mama mjane, aliyekuwa amegombana na mama yangu kuhusu maji ya mfereji mwezi mmoja kabla. Kwa miaka 20 mama yangu hakumsalimia. Walikuwa wakisali kanisa moja, wakitoka kwa milango tofauti.

Miezi mitatu kabla ya kufa, mdogo wangu alizimia shuleni wakati wa mchakamchaka. Tulimpeleka hospitali moja, sitaitaja, maana wengi waliokuwepo wametangulia mbele za haki na wengine walifanya walichoweza. Akalazwa kitandani, akabandikwa nyaya kifuani, mikononi na miguuni, mashine ikatoa karatasi ya vijisanduku vya waridi yenye mistari ya milima na mabonde. Aliyeisoma aliitazama kwa muda wa kunywa funda la maji. Akasema kijana ana upungufu wa damu, ale maini na mboga za majani. Karatasi tukapewa. Niliitia kwenye bahasha, bahasha nikaiweka kwenye sanduku la bati pamoja na vyeti vyangu.

Niliitoa mwaka 2017. Binti yangu alikuwa chuoni Arusha, ana miaka 21, anafanya mazoezi ili akimbie Kilimanjaro Marathon hapa Moshi, akazimia akipanda kilima. Daktari aliyempokea alikuwa kijana, umri wa wanafunzi wangu wa zamani. Aliuliza swali ambalo katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kutuuliza: "Mama, kuna mtu katika ukoo wenu aliyekufa ghafla kabla ya kufika miaka 50?" Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Nilipofika kidole cha tatu akaweka kalamu chini.

Kipimo cha eko, kinachopiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kilionyesha ukuta wa moyo wa binti yangu una unene wa milimita 21. Ukuta wa mtu mzima kwa kawaida hauzidi milimita 12 hivi, na ukifika 15 pasipo sababu nyingine kama presha ya muda mrefu, madaktari husema ni ugonjwa wa kunenepa kwa misuli ya moyo. Wakanipima na mimi, mwalimu niliyekuwa nikipanda mlima kila siku kwenda shule. Milimita 17. Kumbe ugonjwa alioachiwa binti yangu ulipitia kwangu, nami nilifika miaka 52 bila kuzimia hata mara moja. Hii ndiyo tabia ya ugonjwa huu: jeni moja yenye kasoro, ikitoka kwa mzazi mmoja tu, yatosha. Kila mtoto ana nafasi moja kati ya mbili ya kuipata. Lakini wenye jeni hiyo hiyo hawafanani, mmoja huanguka akiwa na miaka 19, mwingine huzeeka akisahihisha madaftari.

Jioni ile nilifungua sanduku nimpelekee daktari karatasi ya marehemu. Ilikuwa tupu. Ni karatasi ya aina ile ya risiti za EFD, inayoandikwa kwa joto, na maandishi yake hufifia kama risiti ya dukani. Moyo wa mdogo wangu uliandikwa mara moja katika maisha yake, na maandishi yenyewe yamefutika ndani ya bahasha yangu, nikidhani nimeyatunza.

Nayaeleza haya yote ili nieleweke ninaposema naitaka hiyo mashine. Sasa niseme naitaka ije vipi.

Kipimo chenyewe si kipya. Mholanzi Willem Einthoven ndiye aliyekiweka sawa mwanzoni mwa karne iliyopita, akayapa mawimbi ya moyo majina P, Q, R, S na T tunayotumia hadi leo, na mwaka 1924 akapewa Tuzo ya Nobel. Nyaya 10, mitazamo 12 ya moyo, sekunde 10, basi. Karatasi hukimbia milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde 10 ni sentimita 25 tu za mistari. Ndani ya sentimita hizo ukuta ulionenepa mara nyingi huacha alama: mawimbi marefu kupita kiasi, au wimbi T lililopinduka kutazama chini. Tatizo ni jicho la kuiona alama hiyo. Mganga mmoja mwenye foleni ya wagonjwa 60 nje ya mlango hawezi kuwa na jicho hilo kila mara, na nimekwisha kumsamehe yule wa mwaka 1997.

Akili mnemba hufundishwa kama tunavyofundisha darasani, kwa mifano mingi iliyokwisha sahihishwa. Watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha kazi yao mwaka 2020. Waliifundisha kompyuta kwa vipimo vya wagonjwa 2,448 waliothibitishwa kuwa na ugonjwa huu na vya watu 51,153 wasio nao. Walipoipa mtihani wa vipimo ambavyo haikuwahi kuviona, katika kila wagonjwa 100 iliwatambua 87, na katika kila wazima 100 iliwaacha salama 90. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu programu ya kampuni nyingine kutumika hospitalini kwa kazi hiyo hiyo.

Alama 87 na 90 ni nzuri. Mwanafunzi akiniletea ripoti hiyo nampongeza. Lakini twende ubaoni, kwa sababu hapa ndipo viongozi wetu wanaweza kukosea kwa nia njema.

Tuseme mashine hiyo inaletwa, tunapima watu 10,000 wa Moshi na Arusha wanaopita tu sokoni na stendi. Ugonjwa huu unakadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 500, kwa hiyo kati yao wagonjwa ni 20. Mashine itawakamata 17. Vema. Lakini wazima wako 9,980, na mashine hukosea kwa 10 katika kila 100, kwa hiyo wazima 998 nao wataambiwa mioyo yao ni mibovu. Jumla walioogopeshwa ni 1,015, na wagonjwa wa kweli ndani yao ni 17. Watu karibu 60 wataitwa ili apatikane mgonjwa mmoja. Hao wote watahitaji eko, na wanaojua kufanya eko ni wachache. Kuna atakayeacha kazi ya shamba, kuna mchumba atakayerudishwa kwao, kuna atakayekwenda kwa mganga wa kienyeji. Na yule mmoja mgonjwa wa kweli atakuwa mwisho wa foleni.

Sasa chukua mashine ile ile, bila kuibadilisha kitu, uipeleke kwenye familia kama yangu. Wapime watu 100 ambao kila mmoja ni mtoto au ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa aliyethibitishwa. Wagonjwa hapo wanaweza kufika kama 50, si mmoja kwa 500. Tuseme wamefika. Mashine itawakamata 43 au 44, na wazima watakaoogopeshwa bure ni 5. Wanaoitwa ni chini ya 50, karibu wote wameitwa kwa haki. Ni mashine ileile, kosa lake ni lilelile, ila sasa jibu lake lina maana.

Mhariri, hilo ndilo lililonifanya niandike. Mashine ianze kwa familia zilizozika vijana. Na familia hizo hazijulikani kwa kompyuta, zinajulikana kwa lile swali la daktari kijana, ambalo halina gharama hata ya shilingi moja. Liandikwe kwenye kadi ya kliniki, liulizwe zahanati, liulizwe shuleni kabla mtoto hajaingizwa kwenye mashindano ya michezo ya shule, UMITASHUMTA au UMISSETA. Mtoto akizimia katikati ya mbio, asiambiwe tu kwamba hakunywa chai.

Hata hivyo wale 6 au 7 ambao mashine itawapita wasisahauliwe. Ndani ya familia yenye ugonjwa, jibu la "huna" kutoka kwenye sekunde 10 halitoshi. Eko inahitajika bado, na inarudiwa, kwa mtu mzima kila miaka 3 hadi 5, kwa watoto mara nyingi zaidi, kwa sababu ukuta unaweza kuanza kunenepa baadaye. Mashine itusaidie kujua nani atangulie kwenye foleni ya eko, isije ikawa sababu ya kufuta foleni yenyewe.

Kuna jambo jingine linalonikosesha usingizi. Mashine hizi zimesomeshwa kwa mioyo ya nani? Madaktari wa michezo wanajua kwamba kijana mweusi anayefanya mazoezi makali anaweza kuwa na wimbi T lililopinduka katika baadhi ya mitazamo ya mbele ya kifua, akawa mzima kabisa. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2017 inatambua hivyo. Mkoa wa Arusha na jirani zake ndiko wanakotoka wakimbiaji wetu, tangu Filbert Bayi wa Karatu alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974. Mashine isiyowajua vijana wa namna hii itawavua viatu vya mbio bila kosa. Na hili halikuanza na kompyuta. Mwaka 2016 jarida kubwa la tiba la Marekani lilichapisha utafiti ulioonyesha kuwa baadhi ya Wamarekani weusi waliambiwa wana jeni ya ugonjwa huu huu wa kunenepa moyo, kumbe mabadiliko yale ya jeni ni ya kawaida kwa watu weusi. Miongoni mwa waliopimwa mwanzo kama kipimo cha uzima, weusi walikuwa wachache mno. Kosa lilikaa miaka mingi, na familia zikaishi nalo.

Kwa hiyo nawaomba watafiti wetu, waliopo hospitali ya KCMC hapa Moshi na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kule Dar es Salaam, wasikubali kupokea programu iliyofungwa kama kopo. Ijaribiwe kwanza kwa mioyo ya hapa, makosa yake kwetu yahesabiwe na kutangazwa. Afrika ina cha kutoa katika elimu hii. Marehemu Profesa Bongani Mayosi na wenzake walifuatilia ukoo mmoja wa Afrika Kusini kwa zaidi ya miaka 20, na mwaka 2017 wakatangaza jeni mpya, CDH2, inayosababisha ugonjwa mwingine wa kurithi unaoua vijana ghafla. Walichofanya ni kukaa na familia moja muda mrefu.

Ukoo. Hapa niseme na Wachaga wenzangu, na wote wanaohesabu ukoo kwa baba. Daktari aliponiomba orodha ya ukoo, baba mdogo, Mungu ampumzishe, aliniandikia majina 31 ya wanaume, safi, kuanzia babu. Hakuandika shangazi hata mmoja. Kwake shangazi walikwisha olewa, ni watu wa kwa watu. Lakini jeni haijui mahari. Shangazi zangu wawili waliolewa Rombo na Machame, na kama waliibeba, imeingia koo nyingine, ambazo leo zinazika vijana na kutafuta mchawi bila kujua kwamba jibu liko Kibosho. Mimi mwenyewe ni mwanamke, na ndiye niliyempa binti yangu. Ilibidi nianze daftari upya, ukurasa wa kushoto wa kiume, wa kulia wa kike.

Kwa wasomaji nina ombi dogo la vitendo. Ukipimwa umeme wa moyo, ipige karatasi picha kwa simu siku hiyo hiyo, sehemu yenye mwanga, mistari yote ionekane, jina na tarehe visomeke. Isiachwe kwenye jua wala kwenye mfuko wa plastiki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wamekwisha tengeneza programu zinazosoma picha ya karatasi kama hiyo, kwa hiyo hata zahanati yenye mashine ya zamani isiyounganishwa na kompyuta haimo nje ya mchezo. Picha hiyo ni mali yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na mtu akija kijijini na mashine na fulana za bure, muulize picha za mioyo yetu zinakwenda wapi na nani atazitunza. Binti yangu ameniruhusu niandike haya, kwa sharti nisitaje jina lake, maana bado tuna jamii inayopima ukwe kwa maradhi.

Mwaka 2003 nilikuwa natazama kwenye televisheni ya jirani, Cameroon na Colombia, Lyon, Ufaransa, Marc-Vivien Foé alipoanguka katikati ya uwanja dakika ya 72, peke yake, hakuguswa na mtu. Alikuwa na miaka 28. Baadaye uchunguzi wa mwili ukasema moyo wake ulikuwa umenenepa. Nilitoka nje nikasimama kwenye giza la migomba. Nilikuwa nimewahi kuona kuanguka kwa namna ile, lakini sikuunganisha. Sisi mdogo wetu tulimzika siku ya pili bila kumchunguza. Wazee walisema mwili usikatwe. Ningewaomba wazee wa leo walifikirie tena hilo, kijana anapokufa hivi hivi, kwa ajili ya walio hai waliozaliwa tumbo moja naye.

Tulipopata jibu la binti yangu, nilimweleza mama yangu taratibu, kwa Kichaga, mara mbili. Alikaa kimya mpaka jua likazama. Asubuhi alichuma jani la sale, akaliweka kwenye kanga, akateremka kwa yule mama mjane kwa miguu yake mwenyewe, akiwa na miaka 74. Kwetu ukiletewa sale ukiombwa msamaha, hukatai. Mama yule alilipokea, akalia kuliko mama. Walikaa kwenye kigoda na kiti kimoja kibovu mpaka saa saba mchana. Amefariki sasa, na mama yangu alikwenda kumwosha.

Binti yangu anameza kidonge cha kupunguza kasi ya moyo, hakimbii mashindano, anatembea, anafanya kazi. Mimi nameza cha kwangu. Vidonge hivi si vya ajabu, vipo maduka ya dawa mjini. Wachache wenye hatari kubwa huhitaji kifaa kinachopandikizwa kifuani, na huo ni mlima mwingine kwa familia ya mkulima, unaohitaji bima ya afya ya kweli. Asiwepo mtu wa kuambiwa na mashine "unao" halafu akaachwa barabarani na karatasi mkononi kama tulivyoachwa sisi.

Kila Desemba wana wa nyumbani wanapanda kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma hadi Nairobi. Barabara ya Kibosho inajaa magari, mbuzi wanachinjwa, mbege inachujwa. Hakuna wakati mwingine ambapo ukoo mzima, kuanzia vitukuu hadi mabibi, unakuwa umbali wa kuitana kwa sauti. Kama Mkoa wa Kilimanjaro ungepeleka mashine na muuguzi mmoja kwenye kata zetu wiki ile, kwa familia zilizokwisha thibitishwa, wangepima katika siku nne watu ambao mwaka mzima hawawezi kukusanywa. Nimemwandikia barua mganga mkuu wa wilaya kuomba hivyo. Sisi tutatoa chumba, umeme, chakula, na mimi nitaandika majina.

Daftari langu lina majina 64 sasa, ya kushoto na ya kulia. Waliopimwa ni 23. Waliokutwa nao ni 9, mmoja wao ana miaka 11 na anacheza winga wa kulia, na tumeanza kuzungumza naye. Wa Machame wamesema watakuja. Wa Rombo bado hawajapokea simu yangu. Jumamosi hii napanda Hiace kwenda mwenyewe.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Kibosho, Moshi Vijijini
(Jina na anwani vimehifadhiwa)